Hongera ya Nini?

Asubuhi timu ilinifukuza kwa simu. Miaka kumi na minne ya mbio za magari: mara mbili nilipanda jukwaa la washindi, nikavunjika mguu, nikaachwa, nikarudishwa, nikaachwa tena. Nilichoka hadi nikadhani hasira zimeniisha.

Mchana nikaenda Assen, mji wa kwetu Uholanzi, ambako mama alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano. Wageni walikaa kwa duara sebuleni, kahawa mkononi. Shangazi Geesje akanipa mkono.

"Hongera, Wiebe!"

"Hongera!" akadakia jirani.

"Hongera sana!" akasema binamu yangu.

Nikawaka. "Hongera ya nini? Leo nimefukuzwa kazi, nyie mnanicheka!"

Wageni wakashusha vikombe vyao.

"Hongera ya mama yako, zuzu wee," akasema shangazi. "Siku ya kuzaliwa si tunapongezana ukoo mzima? Au umesahau? Tangu uanze mbio zako hujakanyaga hapa siku hii hata mara moja."

Nilikosa pa kutazama. Mama akanikatia keki, akaniletea mwenyewe, akaniinamia sikioni.

"Kwa hiyo," akanong'ona, "mwakani utakuja tena?"