Filta ya Skuta ya Nani?

"—ya skuta? Dada Tatu, unanitania! Jamali hana skuta! Hajawahi hata kuikalia, anasema inamkunja magoti!"

Mwanamwema aliyasema hayo kwa sauti ya juu katikati ya duka la spea, mchana kweupe, Alhamisi ya gulio, watu wote wameshuka Lushoto kuuza na kununua. Mzee mmoja aliyekuwa anachagua mnyororo wa baiskeli akageuka kabisa asikie vizuri. Tatu mwenye duka akabaki ameshika boksi la plagi, uso wa mtu aliyekwisha kuropoka na hana pa kurudi.

"Mimi nilidhani unajua," akasema. "Wiki mbili zilizopita mchumba wako alisimama hapo hapo uliposimama, akanunua filta ya hewa ya skuta. Nikasema hayo ni mambo yenu."

Mambo yao! Jamali wa Lukozi anaendesha pikipiki ile ndefu ya kubebea karoti. Mwenye skuta ni Mwanamwema, skuta yake ya bluu aliyoinunua alipotoka chuo cha mifugo na kupata kazi kituo cha maziwa Kwai. Na skuta yake haikuwa imeona filta mpya. Ingekuwa imeona, ingekohoa vile? Wiki mbili hizi kila akipandisha mlima wa Magamba inakosa nguvu, inatoa moshi mweusi, watoto wa shule wanampita kwa miguu wakimwimbia. Wafugaji wanamsubiri na ndoo, maziwa yanachachuka, lawama zake. Leo asubuhi akakata mzizi wa fitina: akafungua kifuniko mwenyewe kwa bisibisi, mara ya kwanza maishani, akachomoa filta nyeusi inayochuruzika oili kama chapati iliyozidi mafuta, akaifunga kwenye gazeti iwe sampuli, akateremka nayo mjini.

Tatu wala hakuifungua. "Usiniwekee hiyo juu ya kioo," alisema. "Skuta yako naijua." Ndipo akaendelea kuropoka kuhusu Jamali.

"Alikuja na sampuli?" Mwanamwema akauliza, sauti imekuwa nyembamba.

"Alikuja nayo. Imefungwa kwenye kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Tatu akamwangalia mzee wa mnyororo, akaangalia dari. "Cha mkononi. Cha maua maua. Kinanukia."

Jamani! Kitambaa cha maua! Jamali anafutia jasho mkono wa shati. Na mjini hapa mwanamke mwingine mwenye skuta ni mmoja tu, ticha Aisha, aliyeletwa kutoka Tanga mwezi wa kwanza, anafundisha kule juu njia ya Irente, skuta nyeupe aina ile ile kama ya kwake, baibui limepigwa pasi, akipita vijana wa kijiweni wanasahau bao lao.

"Akasema ni ya nani?"

"Hakusema jina. Alisema nimpe nzuri kuliko zote, ni ya mtu anayepanda mlima kila siku, hataki ateseke."

Hataki ateseke! Mimi nateseka Magamba, Mwanamwema akawaza, yeye anamhurumia ticha wa Irente! Na sasa yale maswali ya kila jioni kwenye simu yakamrudia moja moja. "Skuta inapandaje siku hizi, Mwanamwema?" Kila jioni, wiki mbili nzima. Naye mjinga anajibu, "Inapanda tu," kwa sababu hakutaka kulalamika kwa mtu ambaye hajamwoa bado. Kumbe alikuwa analinganishwa! Ya kule inapanda, ya huku inapandaje?

Tatu, kwa kutaka kubadilisha habari, akapanga filta tatu mezani. Moja ya karatasi iliyokunjwa kunjwa ndani ya fremu nyeusi. Moja ya karatasi vilevile lakini nyepesi, fremu imepinda. Ya tatu sponji nene la kijani. Kila moja ina nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Tatu anapiga nukta kila anachouza, mtu asije akamrudishia spea ya duka jingine.

"Skuta yako inataka hii ya fremu nyeusi."

"Jamali alichukua ipi?"

"Hiyo hiyo."

"Basi siitaki."

"Mwanamwema, filta siyo kitenge, useme mwenzio kavaa."

"Nipe sponji."

"Sponji halikai vizuri kwako, itabidi likatwe na mkasi."

"Likatwe!"

Akatoka na sponji lake na gazeti lake. Pale nje, kati ya magunia ya kabichi, akafanya jambo baya kuliko yote. Akampigia shangazi Rukia. Maana kesho Ijumaa, baada ya swala, wazee wa Jamali walikuwa wanakuja Kwai kupokea jibu la posa, na kwao baba hamuulizi binti. Shangazi ndiye anayemuuliza, na neno analolipeleka shangazi sebuleni ndilo jibu. Neno lilikuwa ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu Jumapili.

"Shangazi, waambie wasije!"

"Nani wasije?"

"Wazee wa Lukozi! Simtaki! Ana mtu, anamnunulia filta!"

"Anamnunulia nini?"

Akakata simu.

Kwa fundi Yonathani, chini ya barabara, alikokwenda kulikatisha sponji, nini unafikiri kimeegeshwa mlangoni? Skuta nyeupe! Imeoshwa, inang'aa, kiti kimefunikwa taulo. Fundi mwenyewe alikuwa uvunguni mwa gari la mtu, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba," miguu ikajibu, ikaongeza salamu ya Kisambaa. "Onga mshi, mwanangu. Nisubiri kidogo."

Lakini wivu hausubiri! Mwanamwema akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akachukua bisibisi ya fundi, akachuchumaa. Parafujo mbili, nne, kifuniko kikatoka. Akaingiza vidole kama anavyoingiza kumkagua ng'ombe, akiomba aione ile fremu nyeusi mpya na akiomba asiione, vyote kwa pamoja.

Akatoa filta. Kuukuu! Ya kijivu, imejaa vumbi, nukta hakuna.

"Dada yangu, umepoteza nini humo?"

Ticha Aisha alikuwa amesimama juu yake na mfuko wa matunda damu, ametabasamu kwa adabu ile ya watu wa Tanga, ambayo hujui kama ni adabu au anakucheka.

"Nalinganisha saizi," Mwanamwema akasema. Uwongo gani huo, lakini ndio uliokuja.

"Ah! Kumbe na wewe! Yupo kijana wa karoti aliniomba hiyo hiyo, juzi juzi, akapeleke sampuli dukani. Nikamfungia na kitambaa changu asichafuke. Mcheshi yule!"

Mcheshi! Umemjulia wapi ucheshi wake, Mwanamwema akawaza. "Kwa nini asichukue ya mwenye skuta?"

"Nilimuuliza. Akasema mwenyewe anaendesha kila siku, ikitolewa atajua, na yeye anataka amshtukize. Mchumba wake wa Kwai." Ticha akamtazama usoni, akatazama bisibisi, akatazama gazeti lenye oili. Tabasamu likaongezeka. "Wewe ni wa wapi, dada?"

Mwanamwema alikuwa anahesabu siku. Wiki mbili zilizopita Jamali alikuja Kwai kuchukua karoti, akaikuta skuta bandani, akamwambia, "Kapumzike, nakuoshea." Akaosha saa nzima! Alipomuaga mikono yake ilinuka oili, na yeye akamcheka.

Fundi Yonathani akatoka uvunguni, akalifungua gazeti. Akaigeuza ile chapati nyeusi, akaipangusa pembeni kwa tambara, mara moja, mara mbili. Chini ya uchafu fremu nyeusi ikatokea. Na kwenye fremu, nukta nyekundu.

"Hii ni ya Tatu. Mpya kabisa! Nani kaimwagia oili?"

"Kwani haimwagiwi?"

"Sponji ndilo linaloloweshwa oili kidogo, vumbi likwame. Ya karatasi ukiilowesha umeiziba pua, injini itapumulia wapi? Hiyo ni kazi ya hawa wa pikipiki kubwa. Filta zao ni sponji, basi wanadhani kila filta inaogeshwa. Wanafanya kwa mapenzi kabisa." Akaitingisha, oili ikadondoka. "Huyu alipenda sana. Nusu chupa nzima!"

Ticha Aisha akageuka ukutani, mabega yanatikisika. Na Mwanamwema, hakujua acheke au alie. Vyote vikamtoka, makamasi juu. Mtu kamnunulia filta nzuri kuliko zote asiteseke, kaivika kwa mikono yake, kaiziba, kisha kila jioni anapiga simu kungoja asifiwe. Na yeye anamjibu, inapanda tu!

Ndipo akakumbuka simu. "Shangazi!"

Akapanda ngazi ya kurudi dukani kwa Tatu anakimbia, simu sikioni, inaita, inaita.

"Shikamoo shangazi! Umeshamwambia baba?"

"Marahaba. Leo umenikumbuka, saa ile hata shikamoo hukunipa." Shangazi Rukia alikuwa anatafuna kitu, hana haraka. "Nimwambie nini? Kwamba wazee wa watu wasije kwa sababu ya filta? Nimeweka simu chini, nikaendelea kuchambua mchele wa hao wageni wa kesho. Haya, ana mtu?"

"Ana mtu."

"Nani?"

"Mimi!"

Kutafuna kukasimama. Mwanamwema akaingia dukani, akalirudisha sponji mezani, nukta yake juu, akaonyesha kwa kidole ile ya fremu nyeusi. "Hii, dada Tatu. Kama ile ile aliyochukua yeye."

Tatu akafungua mdomo.

"Usiulize!"

"Mimi je, niulize?" shangazi akasema kwenye simu. "Maana sielewi. Filta, simtaki, ana mtu, mtu ni wewe. Neno ninalopeleka sebuleni ni lipi?"

"Ndiyo, shangazi. Waje. Wapikie vizuri."

Kule chini skuta nyeupe ikawaka, safi, haikohoi. Ticha Aisha akapita mbele ya duka polepole, akampungia mkono wenye kile kitambaa cha maua. Mwanamwema akapunga naye, meno nje, wivu unawaka upya. Mcheshi, eti!

"Lakini shangazi, yupo ticha mmoja wa Tanga. Huyo harusini asialikwe."

"Kakufanya nini tena?"

"Kesho, ukikaa kunipaka hina, nakusimulia yote."