Saa Kumi na Saba au Ishirini na Mbili

Shangazi yangu hajapanda ndege hata siku moja, lakini ndiye anayewakatia watu tiketi katika ofisi yetu ndogo ya usafiri, na mtaa mzima unamwita Mama Tiketi. Mimi cheti changu cha masomo ya usafiri kimetundikwa ukutani, na mwaka mzima nilikuwa nikimfundisha kompyuta kwa kujiona. Kichwa kilinivimba, nakiri.

Jumatano asubuhi aliingia bibi mmoja mshonaji, goti limefungwa bandeji. Pacha wake aliyeko ng'ambo alikuwa apasuliwe moyo Ijumaa saa tatu asubuhi, na madaktari hawakuficha kwamba huenda asiamke. Bibi alitaka kumwona kabla hajaingizwa, basi.

"Kilomita elfu kumi na moja," nikasema. "Ya moja kwa moja hakuna. Kuna hii ya safari ya saa kumi na saba. Unabadilisha ndege mara moja, Alhamisi saa tano usiku umeshafika."

"Kubadilisha ana muda gani?" Mama Tiketi akauliza.

"Dakika hamsini na tano. Inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa na nani? Na goti?"

Akafungua daftari lake. Kila mteja anayerudi huulizwa ametembea kiasi gani kila kiwanja cha ndege. Wengine humkwepa barabarani. Kiwanja kile cha kubadilishia kilikuwa mwendo wa kilomita moja na robo, na foleni ya ukaguzi katikati. Akamtoa bibi koridoni, mita arobaini kutoka mlango wetu hadi kwa daktari wa meno.

"Tembea, mama, kama siku zote. Usinionee haya."

Niliona aibu mimi. Wagonjwa walisahau meno yao wakabaki kutazama. Kufikia mara ya kumi bibi alikuwa ameshakaa mara mbili, na dakika kumi na nane zimekwisha. Hapo ni theluthi tu ya njia.

"Tuombe kiti cha magurudumu," nikasema.

"Tutaomba. Daftari linasema kiti huchelewa kuliko ndege. Na akiachwa, nyingine ya kampuni hiyo ni kesho yake adhuhuri. Mkatie ya saa ishirini na mbili, ya kampuni ile nyingine, inampa karibu saa sita za kubadilisha pale pale."

"Hiyo inatua Ijumaa saa kumi alfajiri! Shangazi, unamnyima saa tano na dada yake!"

"Bonyeza."

Nilibonyeza kwa hasira, nusura nivunje kibodi.

Ijumaa jioni bibi alipiga simu. Pacha wake hakuamka.

"Lakini nilimkuta macho, mwanangu. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kitandani pake. Akanicheka nilivyonenepa. Tulishikana mikono mpaka walipokuja kumchukua saa mbili na nusu. Na kile kiti cha uwanjani, kilinijia baada ya saa nzima na nusu! Mwambie shangazi yako Mungu amweke."

Nilimpa shangazi simu. Walikuwa pamoja kwa muda wa saa mbili na nusu. Mimi nilikuwa nimemwahidi saa kumi nzima na pacha wake, na kwa tiketi yangu asingepata hata moja.