Insha Iliyomuua Mama Mkwe

Muuguzi alishafeli mara mbili ule mtihani wa Kiingereza, na mara zote aliangushwa na insha. Kuongea anaongea, kusikia anasikia, lakini mpe kalamu uone! Na bila alama saba kati ya tisa, ile kazi ya hospitali ng'ambo aisahau tu. Basi akajiunga na masomo ya jioni, na mwalimu wa huko alikuwa na wimbo mmoja: "Toa mfano kutoka maisha yako. Msahihishaji aguswe."

Wiki hiyo mada iliuliza kama ni vizuri watu kuhama nchi kufuata kazi. Muuguzi akatafuna kalamu weee, mfano hauji. Mwishowe, Mungu amsamehe, akamuua mama mkwe wake. Akaandika kwamba huyo mama, ambaye tangu mume wa muuguzi afariki wanaishi wawili tu, alikata roho peke yake ndani ya nyumba, akimwita mkwewe aliyekuwa mbali kazini.

Akapata saba! Mwalimu akaisoma mbele ya darasa huku sauti ikimtetemeka. Na muuguzi, badala ya kusema kwamba ametunga, akainamisha kichwa akapokea pole. Alama ilikuwa tamu, jamani.

Jumamosi, hodi mlangoni. Mwalimu na wanafunzi wenzake, nyuso zimewashuka. Na aliyewafungulia ni nani? Marehemu mwenyewe, mwiko mkononi.

"Tumekuja kumpa pole dada yetu," mwalimu akasema kwa upole. "Kwa msiba wa mama mkwe wake."

Muuguzi alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Akatamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe akageuka, akamtazama usoni, na yule mama si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Karibuni," akasema. "Mimi ni mdogo wake marehemu."

Akawakalisha, akawamiminia chai, akapokea pole za kifo chake mwenyewe. Hata akaongeza kwamba dada yake alikuwa na mdomo, ila roho safi. Wageni wakafuta machozi. Muuguzi alishindwa kuinua macho kwa aibu. Kila pole ilimrukia kama mafuta ya moto.

Walipoondoka, akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilitaka maksi."

"Umepata ngapi?"

"Saba."

"Zinatosha kuondoka?"

"Nikizipata hivyo hivyo kwenye mtihani, zinatosha."

"Haya, nisomee. Kwa lugha ninayoijua."

Akaisoma kwa Kiswahili, akijikaza, mpaka alipofika pale pa mama kuita. Akaishusha karatasi. Mama mkwe akamngoja tu, hakumsaidia, na ikabidi amalizie huku analia.

"Umeandika vizuri," mama akasema. "Hata mimi nimejionea huruma." Akaanza kukusanya vikombe, kisha akaviacha. "Lakini mwanangu, siku nikifa kweli nawe uko huko, usiandike. Njoo."