Hapa Kuko Bilulu

Jiwe la kwanza halikugusa saa hata moja. Lilipita katikati ya karatasi niliyoibandika mwenyewe kwenye kioo cha duka, likatua miguuni pangu, na vumbi la barabara likaingia pamoja na sauti za vijana. Karatasi ilibaki inaning'inia, imepasuka, ila bado inasomeka: HAPA KUKO BILULU.

Mwandiko ni wangu. Nilisoma kwa masista hadi mwaka wa tano, nikaacha kwa sababu ya mdomo wangu usionyamaza. Lakini herufi kubwa nilizijua, tena nzuri.

Bwana Octave alikuwa na duka la saa mjini Likasi, saa za Uswisi za jina la Orvelle, na mimi, Philomène, ndiye niliyeziuza. Zamani Orvelle ilikuwa saa moja tu, ya mviringo, ya wahandisi na monsinyori. Kisha mwenye kampuni huko kwao akaingiwa na tamaa. Ikaja ya mraba. Ikaja ya wapiga mbizi. Likasi hapa, tukazame wapi? Ikaja inayoonyesha mwezi, kana kwamba mwezi umefichwa. Kila mwaka kifurushi kilileta dada mpya, na barua yenye masharti: kila saa iwe na rafu yake na watu wake, ndogo isikae karibu na kubwa, zisije zikanyang'anyana wateja.

"Patron, huyu muzungu ameoa bibi saba," nilimwambia Octave. "Sasa anaogopa bapigane mu jiko."

Octave alicheka mpaka akavua miwani. "Basi weye njo utabalinda, mama."

Ndiye mimi basi, nikazilinda. Lakini saa zile hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu. Mimi niliwahi kuuza vitenge sokoni, na kitenge kisicho na jina hakitoki mezani. Basi nikazibatiza kama vitenge. Ile nene ya dhahabu nikaiita Baba Hasalimii. Ya mraba, Mke Mwenza Atakonda. Ile ndogo ya wanawake, nyeusi, inayotulia mkononi kama mdudu mwenye mgongo wa kung'aa, nikaiita Kilulu. Kwetu kilulu ni mdudu. Wakiwa wengi, bilulu. Wanawake walicheka, wakanunua. Mji ulikuwa unakonda, kazi zinakufa, na saa zinazaliana tu. Nikaandika karatasi yangu, nikaibandika.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka tisini na mbili. Katikati ya mwaka neno lile likatoka kwenye mikutano ya siasa likiwa limeota meno. Bilulu sasa walikuwa watu: wote ambao baba zao walitoka mkoa wa Kasai, hata waliozaliwa hapahapa, kama Octave. Nyumba zao zikachomwa. Tulifunga duka wiki tatu. Mkewe Mbombo na watoto walikwisha kufika stesheni, wanalala sakafuni na maelfu wengine wakingoja treni ya kwenda Kasai.

Asubuhi ile Octave alirudi kuchukua vyombo vyake vya kutengenezea saa, nami nikamfungulia. Nilipoinua lile pazia la chuma, karatasi ikatazama barabara. Nilikuwa nimeisahau. Wiki tatu watu wanawinda bilulu, na mimi nikafungua dirisha linalosema waliko.

Waliingia sita, wenye mapanga na nondo. Mbele alikuwa Germain, mtoto wa Madeleine, jirani yangu wa mtaa wa Shituru, kijana niliyemwosha mwenyewe siku aliyozaliwa. Octave alikuwa chumba cha nyuma, nyuma ya kitambaa. Mlango wa huko ulikuwa na kufuli la kutu, na nilimsikia akilihangaikia kwa bisibisi yake ndogo. Alihitaji muda tu.

"Mama Philo, bilulu biko wapi?" Germain aliuliza.

"Biko mu tiroir," nikasema, nikavuta droo. "Kumi na mbili. Munataka ya mukanda mweusi ao ya mwekundu?"

Wawili wakacheka. Mrefu mmoja, mgeni kwangu, hakucheka. Alinipiga shavuni kwa bapa la panga. Jino likavunjika; ulimi ukalikuta kabla ya maumivu.

"Tunatafuta ile yenye kupumua," akasema.

"Yote inapumua, mutoto wangu. Weka ku sikio."

Na kweli, mpumbavu yule akaweka sikioni. Kisha mikono yote ikaingia kwenye droo. Germain alivaa bilulu viwili mkono mmoja. Nyuma, bisibisi iliteleza, ikaanza tena. Ndipo nikafanya yale ambayo barua iliyakataza: nikashusha dada wote kutoka rafu zao, nikawamwaga mezani pamoja. Mrefu akachukua Baba Hasalimii.

"Germain," nikasema, damu ikinijaa mdomoni, "chef ni nani, mukubwa wa hawa ni weye ao ule? Sababu saa ya chef njo ameshavaa yeye. Ile yako ni ya banamuke."

Wenzake walicheka, na kicheko hicho kilitosha. Germain alimshika mrefu mkono ili amvue saa. Yule akakata, bila hasira, kama mtu anayekata muwa, na panga likaingia kati ya shingo na bega. Halafu wote wakawa juu ya wote: nondo kwenye meno, kioo kwenye macho, mmoja akimkanyaga mwenzake vidole ili aachie saa. Nyuma yangu kufuli lilianguka. Mlango ulilia mara moja. Nilisikia mimi peke yangu.

Walipokimbia walibeba kila kitu, hata kitambaa. Walimwacha Germain. Nilikaa chini, kichwa chake mapajani, nikigandamiza kwa kitenge changu mpaka kikalowa chote.

"Mama Philo," akasema, "miye njo nilikuwa chef."

"Njo weye," nikamjibu.

Akaniamini.

Octave alipanda treni yake. Aliniandikia kutoka Mbuji-Mayi, huko Kasai, barua ndefu ya shukrani, na sikumjibu.

Madeleine bado ni jirani yangu. Aliniuliza mara moja tu kama mtoto alisema neno kabla ya kufa, nikamwambia alimwita yeye. Jumapili tunakwenda misa pamoja. Macho yangu yamechoka, kwa hiyo hunishika mkono penye mawe, nami humtania njia nzima. Anacheka kwa kuziba mdomo, kama msichana.