Ishara ya Baba

...na huyo muuguzi anashuka ngazi, kanzu nyeupe imemvimba majini kama puto, baada yake ni fundi bomba, halafu mdogo wa mkalimani, kwa hiyo zimebaki dakika nne, tano labda mchungaji akikohoa, na yeye mkalimani amesimama ukingoni mwa kisima cha ubatizo, mikono mbele ya macho ya viziwi watano wa benchi la mbele, na bado hajui, jamani, bado hajui Baba atamwonyesha kwa ishara gani. "Unamwamini Mungu Baba, Muumba wa vyote?" sauti ya mchungaji inagonga vigae, na mkono wake wa kulia, mkono uliozoea, unakwenda wenyewe mdomoni, vidole vinafunguka na kufunga, vinafunguka na kufunga, kisha kidole kinaelekea juu, Kinywa cha Juu, ndivyo alivyowafundisha, na viziwi watano wanaitikia kwa vichwa, hawana shida, miaka kumi na miwili wanaabudu Kinywa, na aliyewapa Kinywa ni nani kama si yeye... alikuwa na miaka kumi na minne, kanisani wakasema binti wewe unajua kuongea na mdogo wako, simama hapo mbele utusaidie, akasimama, na alichojua ni zile ishara za nyumbani tu, zile walizotunga wawili chini ya meza, na nyumbani ishara ya baba ilikuwa hiyo, mdomo unaofunguka na kufunga, maana baba yao alikuwa mpiga mnada, mtu wa koo, akisimama juu ya kreti hata ng'ombe wanageuka kumtazama, na mtu kama huyo Mungu akampa mtoto wa kiume kiziwi. "Anasikia huyu, mkaidi tu!" alikuwa akisema, anainama sikioni mwa mtoto ananguruma, mishipa imemsimama shingoni, na mtoto anatazama meno. Baba yao hakujifunza ishara hata moja, hata ile ya maji, hata ile ya njoo, na leo amekuja, yuko benchi la tatu, kofia magotini, usigeuke, usimtazame.

"Na Mwana wake wa pekee?" Hiyo rahisi, kidole cha kati kinagusa kiganja hiki, kisha kiganja hiki, penye misumari, Yesu, viziwi wote duniani karibu wanamwita hivyo, "na Roho Mtakatifu?" na muuguzi anasema namwamini kwa sauti nyembamba kama uzi, anazamishwa, anaibuka, makofi, na viziwi wanapunga mikono hewani, makofi yao, na mdogo wake pale penye ngazi anapunga pia, anacheka, kanzu imemfupikia, miguu yake ya fundi makochi yenye madoa ya gundi, anacheka kama vile hakusema alichosema Alhamisi.

Alhamisi, ndiyo, kwenye karakana yake, sponji zimepangwa hadi darini, alikwenda kumfundisha maswali ya ubatizo ili asije akamwaibisha, eti asimwaibishe. Akaanza, kwa mikono na kwa mdomo, na maji, barafu na mvuke, kitu kimoja hali tatu, akajiona mjanja, na mwalimu wa darasa la ubatizo, aliyekuja kuulizia kiti chake, akatikisa kichwa palepale mlangoni. "Hapana, mwanangu. Hapo unatengeneza Mungu mmoja anayebadilisha nguo. Pale Yordani walikuwepo wote kwa wakati mmoja, Mwana majini, Roho akishuka kama njiwa, Baba akinena kutoka mbinguni. Na bado Mungu ni mmoja. Nenda Mathayo mwishoni, wabatizwe kwa jina. Hakusema kwa majina. Ukimtoa mmoja hubakiwi na wawili, hubakiwi na kitu." Akaondoka. Na yeye akageuka akayatafsiri yote, mto, njiwa, mbingu zinapasuka, sauti inatoka, na mdogo wake akaweka nyundo chini, akafikiri, akauliza kwa mikono: Wa majini anaonekana? Anaonekana. Njiwa anaonekana? Anaonekana. Na Kinywa? Kinywa ni sauti. Sauti tu? Sauti tu, ilisema huyu ni Mwanangu mpendwa. Basi mimi ningekuwepo pale mtoni ningewaona wawili, akasema mdogo wake, wala hakuwa na hasira, akaokota nyundo, akamalizia: Wa majini namtaka, Kinywa mwachieni baba, wao wataelewana. Naye akacheka, ndiyo alicheka, lilikuwa neno la kuchekesha, ila hakumwambia mchungaji, alisema atamwambia Ijumaa, Ijumaa akapiga pasi mashati ya wateja mpaka akaunguza kola mbili, na Jumamosi akajiambia aa, yatajipa yenyewe, na haya ndiyo yanayojipa.

Fundi bomba anashuka. Dakika mbili. Ruka tu, fanya ishara ya Mungu, Mungu peke yake bila Baba, atakubali kwa kichwa, atazama, ataibuka, watu watapiga makofi na keki italiwa, nani atajua, mchungaji mwenyewe hajui hata ishara ya asante... lakini mkalimani haongezi wala hapunguzi, na hubakiwi na kitu, mwalimu alisema, hubakiwi na kitu, atakuwa amemzamisha mdogo wake kwa jina lililokatwa, na akimfanyia Kinywa basi anamwambia mwamini yule aliyekungurumia sikioni, tena mbele yake, kofia magotini... "Soma mstari wako," mchungaji anamwambia fundi bomba, kila mmoja amechagua mstari, na fundi bomba ana kigugumizi, anashika ukingo, "Fi... Filipo akamwambia, Bwana, utu... utuonyeshe Baba," na mikono yake mkalimani inafuata bila yeye, Filipo, anaomba, tuonyeshe, vidole viwili kutoka machoni, hakusema tusikilizishe, alisema tuonyeshe, huyu Filipo naye alikuwa... "na Yesu akajibu, a... aliyeniona mimi," kiganja, kiganja, macho, "amemwona Baba," na mkono wa kulia unapanda kwenda mdomoni na unasimama. Hapo kidevuni. Unasimama tu. Maana kinywa unakionaje, sauti unaionaje, na hapa imeandikwa kuonwa. Viziwi wanangoja neno la mwisho. Si kwamba Baba ndiye Mwana, hapana, mwalimu angemkaripia, mmoja ametuma na mwingine ametumwa, lakini nyuma ya huyu mwenye viganja hakuna mwingine mkali aliyejificha, aliyesimama juu ya kreti, hakuna, uliyemwona ndiye aliyepo... na huyo wa kwenye kreti kamweka nani mbinguni, si mdogo wake, mdogo wake alipokea alichopewa. Yeye. Yeye mwenye masikio, aliyesikia kila mngurumo, yeye ambaye mpaka leo akisema Baba yetu mabega yanapanda, na miaka yote amekuwa akisema anamhurumia mdogo wake, kumbe.

Makofi. Fundi bomba anapanda akidondosha maji, na mdogo wake tayari yumo, maji kiunoni, macho kwake. "Unamwamini Mungu Baba?" anauliza mchungaji, na mikono haisogei. "Unamwamini Mungu Baba?" Mtu anakohoa. "Sema kwa nguvu, mama!" hiyo ni benchi la tatu, hiyo sauti, "Kwa nguvu, hakusikii huyo!" na wachache wanacheka, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka kumi na minne anafungua mdomo mahali hapa kusema neno ambalo si la mtu mwingine. "Naomba kidogo, Mchungaji." Kisha mikono, polepole: Ile ishara ya Kinywa ni kosa langu. Niliitoa nyumbani, haikutoka kwenye Biblia. Huyu wa viganja, unayemtaka, alisema ukimwona yeye umemwona Baba yake. Baba yake yuko hivyo. Sina ishara yake bado. Huyo, unamwamini? Na viziwi watano wamenyoosha shingo, mmoja amesimama kabisa, na mdogo wake anamtazama dada, anatazama benchi la tatu, anamtazama dada, maji yanapiga vigae, hapepesi kope.

"Amejibu nini?" anauliza mchungaji.

"Bado, Mchungaji," anasema. "Ndiyo kwanza nimemuuliza."