Mizizi Iliyojikinga na Jua

Kija alikuwa ameotesha miche mia mbili ya muhogo ndani ya chupa, katika maabara ya kilimo karibu na Misungwi. Majani yalistawi, lakini mizizi iligeuka kahawia ikadumaa. Mkuu wake, Mzee Shimba, aliinua chupa moja dirishani, akaguna.

"Ugonjwa huu. Jumatatu yote ichomwe."

Kija alianza kuzikusanya. Ila alikuta chupa nane nyuma ya kabati, mahali pasipofika jua. Mizizi yake ilikuwa myeupe pe.

"Mzee, ugonjwa gani huu unaochagua penye mwanga?" aliuliza. "Nipe wiki tatu."

"Mbili," alijibu Shimba.

Kesho yake alikwenda Mwanza mjini kwa Odeta, mpiga picha, kutafuta kitu cha kuzuia mwanga. Tangu serikali iachie biashara huru na bidhaa za nje ziingie, kila mtu alitaka kupigwa picha na redio yake mpya, na pale studio karatasi nyeusi za kufungia karatasi za picha zilikuwa zimerundikana.

"Hazipitishi mwanga hata chembe," alisema Odeta. "Beba zote, dada, umenipunguzia takataka."

Kija aliotesha miche mingine. Nusu ya chupa alizivisha karatasi hadi usawa wa mizizi, majani akayaachia jua; nusu akaziacha wazi. Wiki mbili zilipotimia alitwanga mizizi ya kila upande, akachuja maji yake, akayamimina kwenye tyubu za kioo na kutia dawa ya kupimia. Ya gizani yalipata rangi ya buluu hafifu. Ya mwangani yaliiva buluu nzito kama wino: fenoli, kemikali ambayo mmea hujilinda nayo, ilikuwa imejaa tele. Alipopima kimeng'enya kinachoitengeneza, alikuta nacho kinachapa kazi maradufu.

"Haikuugua, mzee. Ilikuwa inajikinga na jua."

Shimba aliziinua zile tyubu dirishani, kisha akacheka hadi akavua miwani.

"Binti, ningechoma miche mizima mimi!"

Mvua za vuli zilipoanza, miche yenye mizizi myeupe ilivuka kwa kivuko kwenda Sengerema, Kija akiisindikiza mwenyewe. Mama Malimi, mkulima aliyeipokea, aliipanda yote kabla ya adhuhuri, kisha akamkaribisha mgeni wake ugali kwa samaki aina ya sato. Kija alikula akashiba, akaongezwa, akala tena. Kivuko cha saa nane kilimwacha, wala hakujali.