Viini Viwili, Viini Vinne

Fidencio Tarazona alikuwa mshona viti vya mabasi huko Comas, upande wa kaskazini wa Lima, na katika miaka ishirini na sita ya kazi hiyo hakuwahi kujali kompyuta ina nini tumboni. Mwezi wa Mei mwaka 2008 alilazimika kujali. Mwanawe Anyelo aliomba kompyuta ya kuchezea gemu, na Anyelo hakuwa mtu wa kuombaomba.

Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa. Misuli yake ilianza kunyauka tangu akiwa na sita: kwanza magoti, kisha mgongo, kisha mikono. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu ambacho baba yake alikishonea sponji na ngozi ileile ya mabasi. Vilivyobaki kumtii vilikuwa shingo, ulimi, na vidole vinne vya mkono wa kulia. Katika hivyo, ulimi ndio uliokuwa mzima kabisa.

"Mzee, andika kabla hujasahau," alisema asubuhi ile. "Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iwe ya viini viwili. Siyo vinne. Viwili."

"Niandike ya nini, nina kichwa."

"Kichwa chako kimejaa gundi. Andika."

Fidencio akaandika nyuma ya risiti. Mkewe, Zoraida, alikuwa amepakata sinia la dengu, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu watu wa Lima hupika dengu. "Mbona usichukue vinne?" akauliza. "Si ndiyo vingi?"

"Vingi, mama, lakini vizito. Mimi nataka vyepesi."

Duka alilokwenda Fidencio lilikuwa kibanda cha vioo kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja la katikati ya mji, ambamo kila kibanda kilikuwa na kompyuta zilizofunguliwa mbavu. Mwenye kibanda aliitwa Magaly, mwanamke wa miaka thelathini hivi, bisibisi sikioni kama penseli ya seremala. Aliisoma risiti, akaweka juu ya meza visanduku viwili vinavyolingana.

"Bei karibu sawa, mzee wangu. Basi nikueleze, usije kunilaumu. Hii ya viini viwili ni mafundi wawili wenye mikono ya haraka. Hii ya viini vinne ni mafundi wanne, ila kila mmoja ni mzito kidogo. Gemu za siku hizi zinajua kutuma mafundi wawili tu. Wale wengine wawili watakaa kwenye benchi wanakunywa chai."

"Kwa hiyo ile ya viwili ndiyo nzuri."

"Kwa leo, ndiyo. Lakini miaka mitatu minne ijayo gemu zitawataka wote wanne, na mwenye viwili atajuta. Kijana wako ana umri gani?"

"Kumi na tisa."

"Hee, bado mbichi. Mchukulie vinne basi. Huyo ana safari ndefu, si atacheza mpaka aoe?"

Alisema hivyo huku akitabasamu, bila ubaya wowote. Fidencio alivitazama visanduku. Mwezi wa Machi daktari alikuwa amewaita yeye na Zoraida kwenye ujia wa hospitali, akawaambia kwamba sasa ugonjwa umeshika kifua, na kwamba wasipange mambo ya Krismasi. Anyelo hawakumwambia. Hata wao wawili hawakulizungumza tena. Na sasa kisanduku kile cha viini viwili kilimtazama kama karatasi inayongoja saini yake.

"Nipe vinne," akasema, akaikunja risiti akaitia mfukoni.

Jioni, mashine ilipokwisha kuwashwa mezani, Anyelo alisogeza kidole mara tatu, akafungua ukurasa mmoja wenye maandishi madogo. Akausoma.

"Mzee, uliisoma risiti yako?"

"Yule dada amesema vinne ndiyo ya kudumu."

"Kudumu mpaka lini?"

Zoraida akachukua ndoo akatoka nje, ingawa maji yalikuwepo ndani. Fidencio alijifanya anakaza waya nyuma ya meza.

"Haya, sawa," Anyelo akasema. "Asante."

Gemu yake ilikuwa ya vikosi, watano kwa watano, kila mmoja nyumbani kwake. Fidencio alizoea kukaa nyuma ya kiti na kutazama. Hakuelewa mengi, ila aliona moja: kila moshi ulipotanda kwenye kioo, picha ilikwama nukta kidogo, na ilipoachia, Anyelo alikuwa amelala chini. Wenzake wakamwandama kwenye spika.

"Anyelo, umekufa tena? Wewe bwana una mkataba na ardhi?"

"Nimelala kidogo, godoro lenu laini," Anyelo alijibu, nao wakacheka.

Siku ya nne Fidencio aliuliza, "Ni mashine?"

"Ni vidole."

"Niambie ukweli."

Anyelo alivuta pumzi. "Vidole vyangu vinachelewa, baba. Nilitaka mashine isiyochelewa, ili achelewe mmoja. Sasa tunachelewa wote wawili."

"Lakini miaka mitatu ijayo—"

"Daktari aliongea karibu na mlango. Iliyokufa ni miguu, siyo masikio."

Fidencio aliinuka. "Maneno hayo usiyaseme ndani ya nyumba yangu," akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kumtolea mtoto huyo, akaenda karakanani kwake akapasua kiti cha basi ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Kwenda kubadilisha lilikuwa jambo la nusu siku tu. Hakwenda. Kila asubuhi alijiambia kuna kazi, na kweli kazi ilikuwepo, lakini haikuwa kazi iliyomzuia. Alijua kwamba akipanda ngazi zile na kusema nipe ile ya viwili, atakuwa amesema na jambo lingine. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili, mpaka zikatimia sita. Anyelo hakukumbushia hata mara moja. Alicheza, akafa, akatania, akalala.

Mwezi wa Julai, Lima ikiwa imefunikwa na manyunyu yake ya baridi, kifua cha Anyelo kilijaa. Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya sita, wauguzi walipowatoa nje wazazi, Fidencio hakukaa kwenye benchi. Alirudi nyumbani, akaibeba ile mashine nzima kwa mikono, akaenda nayo mjini.

"Mzee wangu," Magaly akasema, "hii umeitumia wiki sita. Hatubadilishi hivyo. Kijana haikumpendeza?"

Yale maneno ya daktari Fidencio hakuwa amemwambia mtu yeyote, si ndugu, si padri. Alimwambia huyu, amesimama, mashine iko kifuani kama mtoto. Magaly hakutoa pole. Alichomoa bisibisi sikioni, akafungua ubavu, akang'oa feni, akatoa kile kipande kidogo cha mraba, akaweka kingine. Ilimchukua dakika kumi na tano. Alipoulizwa bei alitikisa kichwa tu, akageuka kupanga nyaya.

Anyelo alirudishwa nyumbani akiwa na mrija puani. Vidole vinavyomtii sasa vilikuwa viwili.

Aliwasha gemu siku hiyohiyo. Moshi ulipotanda, picha haikukwama. Ilitiririka kama maji. Aligeuka kidogo kumtazama baba yake. "Umeenda," akasema.

"Nimeenda."

Alijaribu dakika ishirini. Picha iliruka, adui akatokea, na vidole vikabaki pale pale. Mashine ilikuwa ikimngoja yeye.

"Kaa hapa, mzee," akasema mwishowe. "Shika wewe. Mimi nitasema."

"Mimi sijui kitu."

"Najua hujui. Kushoto. Kushoto, hiyo ni kulia. Bonyeza. Siyo wewe ukae chini, yule ndiye akae chini. Basi, tumeshakufa."

Walicheza hivyo siku kumi na saba, Fidencio na mikono yake ya gundi, wakifa kila dakika. Wenzake kwenye spika waliuliza ni nani huyu mjinga leo, na Anyelo akacheka mpaka akakohoa, na Zoraida akapiga kelele kutoka jikoni kwamba waache, watamuua mtoto. Siku ya kumi na nane hakutaka kuwasha. Alifariki Jumatano, alfajiri, Zoraida akimfuta shingo kwa kitambaa.

Baada ya mazishi, shangazi na majirani walipokwisha kuondoka, Zoraida alikaa mbele ya mumewe mezani.

"Mwanzoni kwa nini ulichukua ile nyingine?" akauliza. "Alikuwa bado ana vidole vinne."

Fidencio aliliacha jibu la dukani, la mafundi wanne na miaka mitatu.

"Niliogopa," akasema.

Zoraida akainuka, akafunga dirisha kwa sababu manyunyu yalikuwa yanaingia, akaenda kulala kwenye kitanda cha Anyelo. Hakurudi kwenye chumba chao mpaka mwaka ulipokwisha.